Bonanza ina maneno au haina?

Kauboi Mstaafu:
Wadau, habari za jioni. Naomba mnimalizie ubishi. Shemeji yangu kaja kula Idi, kanikuta naangalia Bonanza, ile tamthilia ya zamani ya makauboi wa Marekani, kwenye simu. Ile ramani ya mwanzo wa kipindi inaanza kuungua, gitaa linakwenda mbio kama kwato, na mimi nafuatisha kwa mdomo pa-ra-pa-pa. Akasema, "Huo wimbo una maneno, shemeji." Nimeangalia vipindi zaidi ya thelathini, sijasikia mtu akifungua kinywa! Rawhide, tamthilia nyingine ya makauboi, sawa, mle Frankie Laine anaimba kwa koo lote na mijeledi inalia. Lakini Bonanza? Tumewekeana kreti ya soda.

Gitaa Kavu:
Lipa kreti, mkuu. Jay Livingston na Ray Evans, haohao waliotunga wimbo "Que Sera, Sera", waliutunga na maneno yake. Kwenye kipindi cha kwanza kabisa, 1959, akina Cartwright wote wanne, ile familia ya kwenye tamthilia, baba na wanawe, walipigwa picha wakiuimba. Kipande kikakatwa kabla ya kurushwa. Baadaye Lorne Greene, yule baba, akauimba kwenye santuri. Mimi nimekiona hicho kipande, na aliyekikata Mungu amzidishie. Wanaume wazima na bastola zao wanaimba kama wametoka kilabuni! Lile gitaa peke yake limeshamaliza kila kitu.

Bi Santuri:
Gitaa Kavu kasema kweli. Ila Rawhide bila maneno ingekufa, maana ule ni wimbo wa kazi: swaga ng'ombe, usisimame, mvua inyeshe isinyeshe. Maneno ni ya Ned Washington, muziki wa Dimitri Tiomkin, mzaliwa wa Kremenchuk, Ukraine. Mtu wa kule ndiye kawatungia Wamarekani wimbo wa kuswaga ng'ombe! Na The Lone Ranger, tamthilia nyingine ya makauboi, msiiulize, ule ni muziki wa opera ya Rossini ya 1829. Mtaliano anamkimbiza farasi wa Texas.

Kauboi Mstaafu:
Ahsanteni, ingawa mmenitia hasara. Nimejaribu kujitetea kwamba maneno yaliyokatwa si maneno, nikamwambia tugawane nusu kreti. Kakataa. Tena anataka soda za chupa, za plastiki hazitaki.