.com kwa dola 1,800 kwa sababu mikia mingine imeshachukuliwa: ni bei ya kweli?

MwanaKamalondo (Lubumbashi)

Wakubwa kwa wadogo, nisaidieni kabla ya Jumatatu. Nina ofisi ndogo hapa Lubumbashi. Tunafuatilia mizigo ya watu kutoka bandari ya Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa, kisha mpaka depo ya mteja. Miaka yote tumetumia barua pepe ya bure, na wateja wapya wanatushuku. Sasa tunataka tovuti yetu. Mchoraji ameshapaka rangi ya chini kwenye milango ya gari, anangoja nimpe anwani ya kuandika.

Jina nililotaka ni neno la kazi yetu likifuatwa na "lushi", kifupi cha Lubumbashi. Sitaliandika lote hapa, mtu asije akaniwahi. .com yake ina mwenyewe. Nilimwandikia mwezi uliopita kuuliza bei, akanijibu dalali wake: dola 1,800. Hoja yake ni kwamba mikia mingine ya jina hilohilo, yaani .net, .org, .info, .xyz na .africa, yote imeshasajiliwa, kwa hiyo jina linagombaniwa na likikaa litapanda. Akaniambia pia kwamba voice.com iliuzwa dola milioni 30 mwaka 2019.

Dola 1,800 kwangu ni kodi ya ofisi ya miezi sita. Je, mikia kuchukuliwa ni kipimo cha thamani?

Mama_Transit (Lubumbashi)

Mdogo wangu, usilipe chochote wiki hii.

Hiyo voice.com iweke kando. Ni neno moja la Kiingereza linaloeleweka dunia nzima. Lako ni maneno mawili, na la pili ni mji wetu. Atakayelihitaji ni wewe au mwenzako wa kazi hiyohiyo hapa mjini, basi.

Mikia kuchukuliwa inakuambia kitu, lakini usihesabu tu, fungua kila mmoja uone nani yumo. .xyz mara nyingi huuzwa bei ya kutupa mwaka wa kwanza, kwa hiyo mtu kuisajili si ushahidi wa lolote. Ukikuta ukurasa mtupu, ni mtu aliyeshika nafasi. Ukikuta kampuni yenye magari, namba ya simu na wafanyakazi, hapo ndipo pa kufikiri sana, hasa kama inasafirisha mizigo kama wewe.

Nakuambia hivyo kwa sababu yalinipata. Nilianza na .net kwa kuwa .com ilikuwa na wenyewe, kampuni ya usafirishaji ya nchi nyingine. Nikaona sawa tu, wako mbali. Mteja wangu wa Likasi akatuma BL (hati ya usafirishaji) ya kontena lake kwa barua pepe, na kidole chake kikaandika .com kwa mazoea. BL ikaenda kwa watu wasiotujua. Siku nne mimi nangoja, nikidhani bado hajapata pesa ya kulipia. Yeye anangoja, akidhani nimeshaanza kazi. Kontena limekaa bandarini, gharama za kuhifadhi zinakimbia. Nililipa nusu ya gharama hizo mimi mwenyewe, na mteja hakurudi tena.

Tangu hapo swali langu la kwanza ni hilo: nani anaishi kwenye mikia mingine, na barua zangu zikipotea zitaangukia kwa nani.

Fundi_wa_Ibanda (Bukavu)

Mama amesema kweli tupu. Mimi naongeza ya upande wa fundi.

Kaka, angalia kumbukumbu za usajili za kila jina kwa whois, huduma ya mtandaoni ya kuzitafuta. Siku hizi jina la mwenyewe mara nyingi limefichwa, lakini tarehe ya kusajiliwa, msajili (kampuni iliyouza usajili) na seva za majina (kompyuta zinazoelekeza jina kwenye tovuti yake) huonekana. Linganisha tarehe hizo. Watu watano tofauti wakisajili jina moja miaka tofauti, kila mmoja na msajili wake, hapo kweli jina linatafutwa. Angalia pia Wayback Machine, hifadhi ya kurasa za zamani za mtandao, uone hiyo .com iliwahi kutumika kwa nini. Jina lililotuma barua taka zamani linaweza kukusumbua, barua zako zikawa zinaishia kwenye taka za watu.

Usidhani utaidaka siku inapoisha muda. Mwenye .com akichelewa kulipa, msajili anaweza kumvumilia mpaka siku 45, kisha kuna siku 30 za kuikomboa, kisha siku 5 kabla haijafutwa.

Jambo lingine: ninyi wa huko mnafupisha Lubumbashi kwa kuandika L'shi. Jina la domeni (anwani ya tovuti) la kawaida halikubali alama hiyo ya juu, linakubali herufi, tarakimu na kistari tu. Pigia watu watano simu, watajie jina, waandike, kisha wakutumie walichoandika.

Na mbona dalali hakutaja .cd, mkia wa nchi yetu ya Kongo?

MwanaKamalondo

Nimerudi. Nilikaa na simu mpaka usiku.

.net, .org, .info, .xyz na .africa: tarehe moja, msajili mmoja, seva za majina zilezile. Tarehe yenyewe ni siku tatu baada ya mimi kuuliza bei. Zote ni kurasa tupu. Siwezi kusema ni mkono wa nani, ila kabla sijauliza hakuna aliyekuwa akiligombania. .com yenyewe ni ya 2016, na Wayback haina kitu ila tangazo la kuuzwa.

Watu watano: wawili waliandika l'shi, mmoja lshi, dada yangu wa Kipushi aliandika loushi, na dereva wangu peke yake ndiye aliyeandika lushi. Hilo limeniuma kuliko bei.

.cd iko wazi.

Mama_Transit

Chukua .cd. Tunayo tangu 1997 nchi ilipoacha kuitwa Zaire, na ile .zr ya zamani ilifutwa 2001. Wateja wako wako hapa, wanaijua. Lakini kabla ya kulipa, jaribu kuandika Lubumbashi yote. Ni ndefu, lakini hakuna mtu wa hapa anayekosea herufi zake. Angalia na .com ya jina hilo refu.

MwanaKamalondo

Mama, asanti sana. .com ya jina refu ilikuwa wazi pia! Dola 12. Nimechukua zote mbili, na barua za .com nimezielekeza zije .cd.

Dalali ameshuka mwenyewe mpaka 900. Sijamjibu.

Mchoraji alinuna kidogo. Alipima mlango kwa kamba, herufi 10 za Lubumbashi zikagoma kuingia, akafuta mistari yake ya penseli na kuanza upya kwa herufi ndogo. Sasa hivi amefika kwenye "b" ya pili.