Paneli za sola nyumbani Dodoma: nyuzi 30, nyuzi 10, au kuzilaza juu ya bati?

MkaziWaNala (mwanzisha mada):
Ndugu wanajukwaa, salaam. Ninakamilisha nyumba yangu hapa Nala, Dodoma, na nimekwisha kununua paneli sita za wati 450 kila moja pamoja na betri ya lithiamu. Wamekuja mafundi watatu, na kila mmoja ameniachia jibu lake. Wa kwanza anataka kunijengea fremu ya chuma uani, yenye mwinamo wa nyuzi 30 ikitazama kaskazini. Wa pili anakubali fremu, lakini anasema nyuzi 10 zinatosha. Wa tatu anashauri paneli zifungwe juu ya bati kama lilivyo. Tatizo ni kwamba kofia ya paa langu imekwenda kaskazini–kusini, hivyo pande zake mbili zinatazama mashariki na magharibi, kila upande ukiwa na mwinamo wa nyuzi 15 hivi. Chuma ni ghali, na sipendi kulipia kisichonirudishia kitu. Ninaomba ulinganisho wenye hoja.

MwalimuWaFizikia, Morogoro:
Ndugu yangu, tuanze na jua lenyewe. Dodoma iko takriban nyuzi 6.2 kusini mwa ikweta, ilhali jua huhama mwaka mzima kati ya nyuzi 23.4 kaskazini, karibu na tarehe 21 Juni, na nyuzi 23.4 kusini, karibu na tarehe 21 Desemba. Kwa hiyo, adhuhuri ya mwishoni mwa Juni jua lenu huwa limeondoka utosini kwa nyuzi 29.6 kuelekea kaskazini, na mwishoni mwa Desemba huwa limeondoka kwa nyuzi 17.2 kuelekea kusini. Mara mbili kwa mwaka hupita utosini kabisa.

Tukichukua mwanga wa moja kwa moja wa adhuhuri peke yake, paneli ya nyuzi 30 inayotazama kaskazini hupokea karibu asilimia 100 mwezi Juni, lakini Desemba hushuka hadi takriban 68. Ya nyuzi 10 hupata 94 Juni na 89 Desemba. Iliyolala kabisa hupata 87 Juni na 96 Desemba. Fremu ya nyuzi 30, basi, inakuuzia faida ya miezi michache kwa hasara ya miezi mingine, na wewe ndiwe unayelipia chuma.

FundiUyole, Mbeya:
Ninamuunga mkono mwalimu, na ninaongeza kwamba hizo nyuzi 30 si uongo, isipokuwa zimetoka kwingine. Kanuni inayozunguka katika video ni kwamba mwinamo ulingane na latitudo ya mahali. Johannesburg iko nyuzi 26 kusini, na Berlin iko zaidi ya nyuzi 52 kaskazini. Huko mwinamo mkubwa una maana. Mimi mwenyewe, nilipoanza kazi hii, nilimfungia mzee mmoja paneli kwa nyuzi 35 nikijivuna kwamba nimefuata kitabu, na Desemba ilipofika nilirudi kwake na spana mkononi nikiona haya. Wengine watakuambia ununue fremu ya kugeuzwa kila msimu. Nimefunga kadhaa, na wenye nazo huzigeuza mwaka wa kwanza tu.

DadaWaMtwapa:
Samahani kwa kuingilia kutoka pwani ya Kenya, ila hoja ya kulaza paneli kabisa isipite bila kupingwa. Paa langu ni la zege, na nilizilaza karibu sawasawa na sakafu nikiamini kwamba jua letu ni la utosi. Maji ya mvua hayakutiririka. Yalituama kwenye ukingo wa chini, yakakauka, yakaacha utando wa matope uliofunika safu nzima ya seli za chini. Ongeza kinyesi cha kunguru. Seli chache zikifunikwa, hasara huwa kubwa kuliko eneo lililofunikwa, kwa sababu seli zimeungwa kwa mfululizo na zile dhaifu huzibana nyingine. Nilipoziinua hadi nyuzi 10, mvua ikawa inafanya kazi ya kuosha. Kwa paneli yenye urefu wa mita 2, hiyo ni kuinua upande mmoja sentimita 35 tu.

MkaziWaNala:
Ahsante, dada. Hapa kwetu mvua hunyesha kuanzia Desemba hadi Aprili, na baada ya hapo ni vumbi tupu. Je, si afadhali nipendelee Juni, wakati ambapo jua liko mbali zaidi?

MwalimuWaFizikia:
Swali zuri, na jibu langu ni hapana. Mwinamo huchaguliwa kwa kuangalia mwezi ambao umeme utapungua kuliko mahitaji, na mwezi huo mara nyingi ni wa mawingu. Mbingu ikifunikwa, mwanga hutoka kila upande wa anga, na kadiri paneli inavyosimama ndivyo inavyoipa kisogo sehemu ya anga hilo. Kwako mawingu ya mvua na jua la kusini huja pamoja, na yote mawili yanadai mwinamo mdogo. Ukitaka kujihakikishia, tumia PVGIS, kikokotoo cha bure cha Tume ya Ulaya kinachoihusu Afrika pia: weka mahali ulipo, badilisha mwinamo, kisha linganisha mwezi kwa mwezi.

FundiUyole:
Sasa tuje kwenye paa lako, ambalo nadhani unalidharau bure. Katika siku za Machi na Septemba, muda wa saa tatu kabla ya jua kufika kileleni, paneli iliyolala hupata takriban asilimia 71 ya mwanga wa moja kwa moja, ya upande wa mashariki kwa nyuzi 15 hupata 87, na ya magharibi hupata 50. Alasiri mambo hugeuka. Jumla ya siku nzima inapungua kidogo tu. (Kileleni kwenu ni karibu saa sita na nusu mchana, si saa sita kamili, kwa kuwa Dodoma iko magharibi ya mstari wa saa yetu.)

Ukigawa tatu mashariki na tatu magharibi, usiziunge zote sita katika mfululizo mmoja, maana zile zenye mwanga hafifu zitazizuia nyingine. Kila upande uwe na ingizo lake kwenye inverta, yaani kifaa kinachogeuza umeme wa paneli uwe wa kutumika nyumbani. Lakini soma kwanza volti ya chini inayohitajika ili ingizo lianze kufanya kazi. Paneli nyingi za wati 450 hutoa takriban volti 41 kila moja, na joto huzishusha. Tatu ni kama 123, na zipo inverta zinazodai 120. Hapo umekaa ukingoni. Vilevile acha nafasi ya sentimita 10 au zaidi kati ya paneli na bati ili hewa ipite.

MkaziWaNala:
Nimesoma karatasi ya inverta: inadai volti 120 kwa kila ingizo. Upande wa magharibi una mwarobaini wa jirani ambao kivuli chake hufika kwenye paa kuanzia saa tisa alasiri, na mzee huyo hupumzika chini yake kila siku. Siwezi kumwomba aukate.

FundiUyole:
Basi mwache mzee na kivuli chake. Funga zote sita upande wa mashariki, mfululizo mmoja, na uache reli zinazoshika paneli zikiwa na nafasi ya paneli mbili za ziada. Fremu ya uani usijenge.

DadaWaMtwapa:
Na uweke bomba la maji karibu na ngazi. Vumbi la kuanzia Mei halitangojea mvua ya Desemba.