OptiPlex 7010 ya mtumba: SSD ya SATA, NVMe kwa adapta, au diski ya TB 4?

Mpiga Picha wa Mbagala
Wakuu, habari za jioni. Nina Dell OptiPlex 7010, ile nyembamba, i5-3470, RAM GB 8. Diski yake ya GB 500 imeanza kukoroma. Nimeenda duka moja nikapewa SSD (diski isiyozunguka) ya M.2, ile bapa ndogo inayochomekwa moja kwa moja kwenye mazabodi, nafika nyumbani nafungua boksi, hakuna hata pa kuichomeka. Nitajuaje mazabodi yangu inakubali diski zipi kabla sijapoteza hela nyingine? Nahariri video za harusi, kwa hiyo nafasi nahitaji na spidi nahitaji.

Kibatari
Pole mkuu. Anza na jina la mazabodi. Fungua Command Prompt uandike `wmic baseboard get manufacturer,product`. Kwenye Windows 11 za karibuni wmic imeondolewa, basi fungua PowerShell uandike `Get-CimInstance Win32_BaseBoard`. Kama hupendi kuandika, programu ya CPU-Z inakuonyesha yote hayo. Ukishapata jina, shusha kitabu chake mtandaoni usome sehemu ya diski.

Bi Shamte
Kwa mashine za kujikusanyia mwenyewe njia hiyo ni nzuri. Kwa Dell itakuzungusha, maana utapata namba isiyokuambia kitu. Angalia kikaratasi cha Service Tag kwenye boksi, herufi na tarakimu 7, uziingize kwenye tovuti ya Dell. Usitafute kwa jina la modeli! Dell walitoa OptiPlex 7010 mwaka 2012, halafu 2023 wakatoa nyingine kwa jina lilelile, na hiyo mpya ina M.2. Nahisi muuzaji wako alisoma sifa za mjukuu akakuuzia babu.

Yako ni ya chipu Q77: SATA tupu, yaani diski za kuunganisha kwa waya, M.2 hakuna.

Kibatari
Hilo la majina sikulijua. Shikamoo.

Jongoo_Mti
Mbona mimi kwenye mashine kama hiyo nimeweka NVMe, zile SSD za spidi kubwa, kwa adapta ya PCIe (kadi ya kuchomeka kwenye mazabodi) na inasoma vizuri tu? Mwache jamaa apate spidi.

Bi Shamte
Marahaba Kibatari. Jongoo, Windows yako inawaka kutoka kwenye hiyo NVMe, au umeiweka ya kuhifadhia tu?

Jongoo_Mti
Ya kuhifadhia. Windows iko kwenye SSD ya SATA.

Bi Shamte
Ndipo penyewe. Windows ikishawaka inaiona NVMe bila shida, lakini BIOS ya 2012, ile programu inayoiamsha kompyuta, haiifahamu, kwa hiyo haiwashi kompyuta kutoka humo. Wapo wanaopitia Clover, programu ya kuwashia, kwenye flashi. Inafanya kazi, ila siku flashi ikichomolewa na mtoto, bibi harusi anasubiri video yake. Na hiyo M.2 uliyonunua, mtoa mada, ichunguze meno: yenye pengo moja tu (huitwa M) kwa kawaida ni NVMe, yenye mapengo mawili mara nyingi ni SATA. Ya SATA ukiiweka kwenye adapta ya NVMe haitaonekana kabisa.

Mpiga Picha wa Mbagala
Ina mapengo mawili. Basi naibadilisha. Na ile ya TB 4?

Kibatari
Inaingia, mkuu. Iweke kwa mpangilio wa GPT, siyo ule wa zamani wa MBR, la sivyo utaona TB 2 na ushee tu, nyingine hewa. Ila boksi lako jembamba lina nafasi moja tu ya diski ya nchi 3.5. SSD haina kinachozunguka ndani, ibandike popote kwa gundi ya pande mbili.

Ulinganisho wangu: diski ya kuzunguka utapata MB 150 hadi 200 kwa sekunde, SSD ya SATA kama 550, NVMe za PCIe 3.0 hufika 3,500. Lakini kwa uhariri, unachokisikia zaidi ni kuhama kutoka kuzunguka kwenda SSD. Mimi ningechukua SSD ya SATA ya kuwashia na TB 4 ya kuhifadhia. NVMe ije baadaye, mfuko ukiruhusu.

Bi Shamte
Naunga mkono. Angalia tu tundu: SATA0 na SATA1 ni za Gb 6 kwa sekunde, SATA2 ni ya Gb 3.

Mpiga Picha wa Mbagala
Mrejesho: duka wamenibadilishia kwa nyongeza kidogo, nimepata SSD ya nchi 2.5. CrystalDiskInfo, programu ya kukagua diski, ikaandika SATA/300 | SATA/600, yaani inakwenda nusu ya spidi inayoiweza. Nikakumbuka, nilikuwa nimechomeka SATA2. Nimehamishia SATA0 na DVD nimeipeleka SATA2, sasa inasoma SATA/600 pande zote. TB 4 mwisho wa mwezi.

Jongoo_Mti
Hiyo DVD bado unaitumia kweli?

Mpiga Picha wa Mbagala
Wazazi wa maharusi bado wanataka CD mkononi, mkuu.