Tupeane uzoefu: mliorithi mikono ya Ponseti, leteni mnayoyajua ya mguu kifundo

Fundi_Plasta: Wakuu, leo 3 Juni. Ndiyo siku aliyozaliwa Ignacio Ponseti, daktari aliyetuachia njia ya kunyoosha mguu kifundo kwa plasta, mwaka 1914, kisiwani Menorca, Hispania, na ndiyo siku ya mguu kifundo duniani, yaani mtoto kuzaliwa na unyayo uliopinda kwa ndani. Baba yake alikuwa fundi saa, na kazi ya mwana ilikuwa na utulivu uleule. Alifariki 2009 huko Iowa, Marekani. Rambirambi zilishatolewa. Wenye ujuzi mwageni hapa, msizunguke.

Kano_Fupi: Plasta ya kwanza ndiyo inayowaumbua watu. Unyayo umekunjamana kwa ndani, basi mgeni wa kazi anaukamata na kuupindua nje kwa nguvu. Hapo kaharibu. Sehemu ya mbele ya unyayo tayari imeshuka upande wa kidole gumba ukilinganisha na kisigino, ndiyo maana kuna lile shimo katikati. Unachotakiwa ni kuinua mfupa wa kidole gumba ulingane na wenzake. Ukimaliza, unyayo unaonekana umepinda zaidi ya ulivyokuja, na mama atauliza mbona mmeuzidisha. Mweleze kabla hujamfunga, si baada.

Kuanzia plasta ya pili unapeleka unyayo nje. Dole gumba lako linakaa juu ya kichwa cha talasi, mfupa unaokaa juu ya kisigino; ndicho kile kivimbe mbele ya kifundo cha nje. Hapo ndipo egemeo. Daktari Kite wa Atlanta, Marekani, naye mtu wa plasta, aliegemeza mbele zaidi, kwenye kiungo cha kisigino na kuboidi, mfupa wa ubavu wa nje wa unyayo, akakizuia kisigino kisizunguke, na watoto walikaa kwenye plasta miezi na miezi. Na kisigino chenyewe USIKISHIKE. Kiache kizunguke chini ya talasi chenyewe.

Mtaa_wa_Pili: Hapo kwenye kisigino weka mstari mwekundu.

Bandeji_Inchi3: Mnakuza mambo. Plasta ikiishia chini ya goti inatosha, mtoto mwenyewe jua la Dar linamtosha.

Kano_Fupi: @Bandeji_Inchi3 ndugu yangu, hapana. Ikiishia chini ya goti inachomoka kama soksi, tena mguu unajizungusha ndani yake na ile kazi ya kupeleka unyayo nje inapotea. Inafika juu ya paja, goti nyuzi 90. Unafunga kwanza mpaka chini ya goti, ukishaumba vizuri ndiyo unapanda. Pamba nyembamba. Ukijaza pamba kama godoro umefinyanga pamba, si mguu.

Bandeji_Inchi3: Sawa, mwalimu mkuu.

Nesi_wa_Zamu: Kabla mtoto hajatoka mlangoni, hesabu vidole. Vyote vitano vionekane, bonyeza uone weupe ukirudi kuwa wekundu. Mama aambiwe: vidole vikizama ndani ya hogo, yaani plasta, siku hiyohiyo anarudi, hasubiri wiki iishe. Plasta iliyoteleza ndiyo inayozaa ule mguu mgumu: unyayo mfupi mnene, mkunjo mrefu chini, kidole gumba kimesimama. Huo huupeleki nje kupita nyuzi 30, na goti unalikunja mpaka 110 lisichomoke tena.

Kijiji_Mbali: Anayekaa mbali aloweke hogo nyumbani usiku, asubuhi afike limeshatoka. Inaokoa muda wa kliniki.

Nesi_wa_Zamu: Inaokoa muda wako, inaua wiki nzima ya mtoto. Mguu ukilala wazi usiku mmoja unarudi nyuma. Toa palepale kliniki, funga palepale.

Nyumbu_wa_Pirenei: Kabla hamjamalizana na plasta, mnajua huyu mzee alipitia wapi? Vita ya wenyewe kwa wenyewe Hispania alikuwa daktari upande wa serikali ya Jamhuri. Jenerali Franco wa upande wa pili aliposhinda, 1939, hakuna gari la wagonjwa. Akawafunga majeruhi mifupa, akawapakia juu ya nyumbu, wakavushwa milima ya Pirenei mpaka Ufaransa kwa msaada wa wafanya magendo wa kule. Kisha Meksiko, akatibu kijijini. 1941 akafika Iowa chini ya Steindler, daktari wa mifupa.

Mtaa_wa_Pili: Wafanya magendo tena! Endelea mkuu.

Dada_Ganzi: Kumbe alianza na nyumbu ndiyo maana hakuogopa watoto wanaopiga mateke.

Nyumbu_wa_Pirenei: Ripoti ya kwanza ya njia yake ilitoka 1963, wenzake wakaendelea kukata viungo kwa visu. Alistaafu 1984, akarudi kazini. Waliomtangaza ni wazazi, kwenye intaneti.

Daktari_Kisu: Tusiwatukane wapasuaji. Ipo miguu inayohitaji kisu.

Nyumbu_wa_Pirenei: Nani katukana? Nimesema visu, sijasema jina lako.

Fundi_Plasta: Jamani mada. Nyumbu washafika Ufaransa.

Dada_Ganzi: Ya kisu basi. Plasta nne mpaka sita, moja kila wiki, unyayo unafika nje nyuzi 60 hadi 70 lakini kisigino bado kimepanda. Usikilazimishe kushuka kwa kusukuma unyayo juu, utauvunja katikati ubaki kama chini ya mtumbwi. Kata kano ya kisigino. Ganzi kidogo tu, maana ukijaza dawa kano unaipapasa huioni. Kisu kinaingia sentimita 1 hivi juu ya kisigino, unasikia "pwa", unyayo unapanda nyuzi 15 mpaka 20. Plasta ya mwisho wiki tatu, kano inaota upya.

Chuma_na_Ngozi: Mmemaliza rahisi, sasa viatu vya kuzuia mguu usirudi kupinda. Hapa Afrika Mashariki tuna haki ya kutamba: viatu vya Steenbeek vilibuniwa Uganda na Mholanzi Michiel Steenbeek, kwa ngozi, mbao na chuma cha fundi wa kawaida. Na alama sita za kupima mguu ni za Shafique Pirani, aliyezaliwa Uganda.

Chuma kinachounganisha viatu kilingane na upana wa mabega. Mguu mbovu nyuzi 70 nje, mzima 40. Saa 23 kwa siku, miezi mitatu, halafu usiku na usingizi wa mchana mpaka miaka minne. Tundu la nyuma ya kiatu si pambo: usipoona kisigino hapo, mguu haujaingia.

Bandeji_Inchi3: Mpaka miaka mitano, mkuu.

Chuma_na_Ngozi: Wewe unayekata plasta chini ya goti leo umekuwa mkali? Haya, minne mpaka mitano.

Mama_Kanga: Ngozi ikiwa nyekundu apakwe mafuta ya nazi.

Nesi_wa_Zamu: Asipakwe! Ngozi inalainika, inachubuka. Wekundu mwingi maana yake kiatu kimelegea, kaza ukanda wa kati. Soksi za pamba tu.

Mama_Kanga: Basi chuma kifungiwe kanga, maana mtoto akishajua kukitumia kama rungu, baba ndiye wa kwanza kupasuka mdomo.

Chuma_na_Ngozi: Hilo la kanga nakubali.