Naomba ushauri kuhusu magugu maji kwenye ardhioevu
Ndugu zangu, naomba ushauri wa kudhibiti magugu maji, yale ya maua ya zambarau yenye asili ya Amerika ya Kusini, ambayo yamefunika ardhioevu tunayoitunza. Chini yake mwanga haupenyi, mimea ya asili inaoza, na oksijeni imepungua kiasi kwamba samaki huja juu kuhema. Tunayang'oa kwa mikono, lakini kipande kidogo cha shina huchipua upya, na mbegu huweza kukaa topeni zaidi ya miaka 15 zikiwa hai. Dawa za kuua magugu naziogopa sana, kwa ajili ya vyura na ndege. Je, waliowahi kutumia mbawakawa wa Neochetina (wadudu wadogo wanaokula magugu haya), nafuu ilionekana baada ya muda gani, na mabaki mliyapeleka wapi?