Naombeni ushauri: kozi ya taarifa za afya na kumbukumbu za wagonjwa

Tumaini wa Mbagala: Wakuu, shikamooni. Nimemaliza kidato cha nne. Nataka kusomea taarifa za afya na kumbukumbu za wagonjwa, kuna chuo hapa Dar wamenipokea. Kozi hii ina ajira kweli? Usiku silali.

Fundi Mafaili: Marahaba. Nina miaka 11 masjala ya hospitali. Watu wanadhani tunapanga majalada kwenye rafu tu. Kila ugonjwa una msimbo wake: daktari akiandika shinikizo la damu, wewe unaipa I10. Malaria ambayo kimelea chake hakikutajwa, B54. Ukikosea, dai la bima linarudishwa. Mwisho wa mwezi unajumlisha vitabu vya MTUHA, vile vya kuandikia wagonjwa na huduma, hesabu zinaingia DHIS2, mfumo wa kompyuta wa takwimu za afya. Wagonjwa wa kuhara wakiongezeka ghafla mtaa fulani, wakubwa wanaona kwenye hizo hesabu zako. Kazi inataka utulivu na jicho.

Kaka wa Tandika: Dogo, soma uuguzi. Mdogo wangu alihangaika na kompyuta, akahamia uuguzi, leo ana kiwanja Chamazi.

Bi Chanika: Faili la marehemu mama lilipotea, tukarudia vipimo vyote. Tuliuza mbuzi wawili. Kasome mwanangu, na kila faili ulishike kama la mzazi wako.

Mwalimu wa Jioni: Ngazi gani? Kozi ina ithibati ya NACTVET, lile baraza linalosimamia vyuo vya ufundi? Umeshalipa?

Tumaini wa Mbagala: Jengo ni zuri na kompyuta zipo za kutosha.

Mwalimu wa Jioni: Sijauliza jengo.

Tumaini wa Mbagala: Nimelipa laki sita, mama alikopa kikoba. Chuo kimesajiliwa, nimekiona kwenye orodha ya NACTVET. Kozi yenyewe ndiyo sikuiona, wanasema kibali kiko njiani. Msinihukumu, nimekaa nyumbani mwaka mzima. Na wenzangu kumi na wawili wamelipa pia.

Mwalimu wa Jioni: Chuo kusajiliwa ni jambo moja, kozi kuidhinishwa ni jingine. Kama haimo, utasoma miaka na cheti chako hakitatambuliwa. Hao kumi na wawili wako shimo moja na wewe.

Jicho Kali: Uzi wa kutunga huu. Ulianza na ajira, sasa tuko kwenye kikoba. Kesho itawekwa namba ya kuchangia.

Tumaini wa Mbagala: Sijamwomba mtu hata shilingi. Risiti ninayo. Imeandikwa "ada" tu, kozi haikutajwa.

Fundi Mafaili: Mwacheni mtoto, risiti za hivyo nimeziona. Sikiliza: kesho kadai barua yenye jina kamili la kozi na ngazi yake, 4 au 5 za cheti, au 6 ya diploma. Wakisitasita, andika barua ya kudai pesa yako, ubaki na nakala yenye mhuri wao. Nenda na mama.

Tumaini wa Mbagala: Mama hajui kama kozi haimo.

Bi Chanika: Marejesho ya kikoba lini?

Tumaini wa Mbagala: Jumamosi.

Bi Chanika: Basi mwambie usiku huu, kabla hajalala.