Naomba ushauri: wasifu wangu umebeba makala za mtu mwingine

Habari zenu ndugu zangu. Natafiti kumbukumbu na umakini katika ubongo, nina makala 9. Google Scholar (huduma ya Google ya kutafuta makala za kitaaluma) imenibandikia kwenye wasifu wangu makala za daktari wa mifupa tunayefanana jina la ukoo na herufi ya kwanza ya jina. Basi h-index yangu (kipimo cha jinsi makala za mtafiti zinavyonukuliwa) imeruka kutoka 5 (makala 5 zilizonukuliwa angalau mara 5 kila moja) hadi 14. Inapendeza machoni, lakini si jasho langu! Nimezifuta mara mbili, zinarudi. Scopus (hifadhidata ya makala za kitaaluma) nako nimegawanywa wasifu mbili: jina la ubini huku, la ndoa kule. ORCID (namba ya kumtambulisha mtafiti) ninayo, ila makala za zamani hazimo.

Nazuiaje zisijiongeze zenyewe? Na kwenye maombi ya kupanda cheo, niandike h-index ya wapi?